Kufufua begi la ngozi na kulibadilisha kwa kushona kwa mkono: mwongozo kamili kuanzia kufumua mpaka tundu la mwisho

Kitambaa ukikitoboa vibaya unakilowesha, unakipiga pasi, na kile kitundu kinajifunga chenyewe. Ngozi haina hiyo kitu. Tundu ulilotoboa leo litabaki hapo mpaka siku begi linaisha, na ndo maana mwongozo huu wote nimeupanga hivi, yaani sindano inakuja mwisho mwisho, na karibu kila kinachofanyika kabla yake ni kuhakikisha hulazimiki kutoboa tundu jipya bila sababu. Begi la zamani tayari lina matundu yake, yalishapimwa, yamenyooka, yanalingana mbele na nyuma. Hayo ndo ramani yako. Ukiyafuata, begi linarudi kwenye umbo lake lenyewe, ila ukiyapuuza ukaanza kutoboa pembeni yake unapata mistari miwili ya matundu iliyobanana na siku ukiweka mzigo ngozi inaachia hapo katikati kama stempu inavyochanwa.

Kwanza jua umeshika nini

Usianze kununua uzi kabla hujajua kama begi lenyewe linashoneka. Tafuta sehemu ambayo ngozi imekatwa na ukingo wake unaonekana, mara nyingi ni kwenye ncha ya mkanda au ndani karibu na zipu. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zilizosongana kuanzia juu hadi chini. Ukikuta juu kuna kiganda chembamba cha plastiki na chini yake kitambaa kilichofumwa, hiyo sio ngozi, na kama imeshaanza kubanduka magamba hakuna mafuta wala uzi utakaoirudisha. Ipo pia ile inayotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa na gundi, hii inadanganya watu wengi kwa sababu inanukia ngozi kabisa, lakini ukiikunja kwa nguvu inapasuka badala ya kukunjika, na uzi ukiuvuta kidogo unaikata kama boksi lililolowa. Hiyo iache, utaumia moyo bure.

Kwenye ngozi halisi kuna makundi mawili unayotakiwa kuyatofautisha. Iliyolainishwa kwa magome ya miti ni ngumu kiasi, ukingo wake una rangi ya kahawia, na kama haijapakwa kitu juu tone la maji linaingia na kuacha doa jeusi jeusi. Iliyolainishwa kwa kemikali ya kromu ni laini, inanyumbuka, na mara nyingi katikati ya ukingo wake unaona rangi ya kijivu au samawati hivi. Hii tofauti itakuja kukuhusu sana ukifika kwenye kumalizia kingo, kwa hiyo iweke kichwani.

Alafu kuna ugonjwa mmoja wa ngozi za zamani sana. Ukipitisha kidole unabaki na unga mwekundu mwekundu kama vumbi la tofali. Hapo nyuzi za ngozi zimeshaliwa na asidi iliyojijenga kwa miaka mingi na hazirudi, ukishona leo uzi utachana kesho. Begi kama hilo la kumbukumbu liweke kabatini kwa heshima, usilipakie mzigo.

Vifaa, vichache tu

Unahitaji sindano 2 zenye ncha butu, na hapa nasisitiza butu. Sindano kali inajitafutia njia yake, inatoboa ngozi pembeni ya tundu la zamani na mbaya zaidi inatoboa uzi ulioko ndani ya tundu. Butu inatafuta tundu lilipo na kuliingia. Kama unazo kali tu, isugue ncha kwenye msasa mpaka ukijichoma kidoleni haiingii. Kisha msharasi mwembamba (kile chuma chenye ncha kali na mpini cha kutobolea), uzi, kipande cha nta ya nyuki, kisu chenye makali ya kweli, rula ya chuma, gundi ya viatu, msasa, nyundo ndogo isiyo na mikwaruzo usoni, na klipu zile za kubania makaratasi. Pini usitumie popote, kila pini ni tundu la milele. Kama utatengeneza mkanda mpya utahitaji pia uma wa kutobolea, ile chuma yenye meno yanayolingana unayoigonga kwa nyundo ya mbao au ya plastiki.

Kuhusu uzi, watu wengi wanakosea kwa nia njema. Wanatafuta uzi mgumu kuliko wote, wembamba, wa nailoni, wakidhani ndo begi litadumu. Uzi mwembamba usiokatika unageuka msumeno. Begi likivutwa, kitu kimoja lazima kiachie, na ni afadhali uachie uzi kuliko ngozi, maana uzi unabadilishwa kwa jioni moja. Chukua polyesta iliyotiwa nta au kitani, unene ufuate umbali wa matundu: matundu yakiachana milimita 3 uzi wa 0.6 unatosha, yakiachana 4 chukua 0.8, yakiachana 5 unaweza kwenda 1. Kujua umbali wako weka rula juu ya mshono wa zamani, hesabu mishono iliyoko kwenye sentimita 3, gawanya. Mishono 10 ni milimita 3.

Kitu cha mwisho ni kibanio. Kushona kwa mkono kunahitaji mikono yote miwili iwe huru, kwa hiyo begi lazima lishikwe na kitu kingine. Vibao viwili vilivyofungwa bawaba au kamba chini, ndani ya midomo yake umegandisha mabaki ya ngozi, unavibana katikati ya mapaja, inatosha kabisa. Usishone begi likiwa limelala mapajani, mishono itatoka mmoja huku mwingine kule.

Kusafisha na kunywesha mafuta kabla ya kufumua

Toa kila kitu ndani, geuza bitana nje, piga burashi kavu kwenye mishono maana mchanga unaokaa kule ndo unasaga uzi. Kama kuna kuvu fanyia kazi hiyo nje ya nyumba, vaa barakoa, piga burashi kwanza kikavu, kisha paka kwa kitambaa spiriti uliyoichanganya nusu kwa nusu na maji. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha kwa sababu spiriti inaweza kunyanyua rangi.

Sabuni iwe ya ngozi, au sabuni ya maji laini isiyo kali, tone 1 au 2 kwenye nusu lita. Sabuni za kufulia na za magadi hapana, ngozi asili yake ni asidi kidogo na zile zinaikausha na kuifanya ikakamae. Kitambaa kiwe na unyevu tu sio kuchuruzika, na pitisha kipande kizima kutoka mshono hadi mshono badala ya kusugua doa peke yake, maana ukilowesha duara katikati litakauka na pete. Likishasafika lijaze karatasi nyeupe au nguo za zamani likae kwenye umbo lake, liache kivulini kama saa 24. Jua na hita zinakunja ngozi, na ikishakunjika hivo na kuwa ngumu ndo basi tena.

Sasa mafuta, na hapa kuna mtego. Ngozi kavu ikivutwa na uzi inachanika, kwa hiyo inabidi inyweshwe kabla ya kushona. Lakini gundi haishiki kwenye mafuta. Suluhisho ni kupaka kidogo, kwa kitambaa, kwenye uso wa nje tu, na kuacha sentimita 1 kila sehemu unayojua utagundisha. Kisha unasubiri siku nzima yaingie. Mafuta yawe ya ngozi au krimu yenye nta ya nyuki au lanolini, yaani mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo. Mafuta ya kupikia usiguse. Mimi niliwahi kulipaka begi mafuta ya alizeti kwa sababu ndo yalikuwepo, siku mbili za mwanzo lilipendeza sana, baada ya miezi likawa linanata, vumbi lote limeganda juu na harufu ya mafuta yaliyochacha haikutoka tena hata nilipolisafisha mara tatu. Mafuta ya mbegu yanachacha yakiwa ndani ya ngozi na huwezi kuyatoa.

Kufumua

Kabla ya kukata uzi wa kwanza piga picha na simu, kila kona, nje na ndani, na hasa pale mkanda unapoingia na pale vipande vitatu vinapokutana. Utadhani utakumbuka ila hutakumbuka.

Usifumue begi zima. Fumua ile sehemu inayohitaji kazi tu, mshono unaobaki ndo unaoshikilia umbo. Kata uzi kwa upande wa ndani kila baada ya mishono mitatu, alafu nenda upande wa nje na uvute, utatoka vipande virefu virefu bila kuikwaruza ngozi. Vipande vinavyobaki kwenye matundu vitoe kwa kibano kidogo kimoja kimoja, kwa sababu uzi mpya hautapita vizuri kwenye tundu lenye uchafu na utajikuta unalazimisha.

Pale mshono wa zamani unapoendelea, yaani mwanzo na mwisho wa sehemu uliyofumua, utakuja kushona juu ya matundu 3 au 4 ya mshono ambao bado mzima. Hii ni muhimu. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi, mmoja ukikatika unafumuka mbele na nyuma, na wewe umeshaukata, kwa hiyo lazima ule mshono wako mpya uufungie.

Bitana nayo inakuwa inazuia mara nyingi. Kufika kwenye mzizi wa mkanda kwa ndani fumua bitana pale chini kabisa kwenye kitako chake, sentimita 15 hivi, ingiza mkono. Ni kitambaa, utakirudishia kwa sindano ya kawaida na hakuna atakayeona.

Matundu yaliyochanika

Hapa ndo penye kazi yenyewe, kwa sababu begi la zamani haliji na uzi uliokatika tu, linakuja na ngozi iliyoachia. Mfano wa kawaida ni kona ya chini. Ukiitazama kwa karibu unakuta matundu 4 au 5 yameungana yakawa mpasuo mmoja, na kwenye midomo ya mpasuo nyuzi za ngozi zimesimama kama nywele. Mtu mwenye haraka anaruka sehemu hiyo na kutoboa matundu mapya milimita 3 ndani zaidi. Begi linakuwa dogo upande mmoja, kona inajikunja, na kama nilivosema mwanzo anatengeneza stempu.

Fanya hivi. Chukua kipande cha ngozi nyembamba, kama milimita 0.8, kata kipite mpasuo sentimita 1 kila upande, kingo zake uzichonge kwa kisu upande wa nyuma mpaka ziishe kama karatasi ili kisije kikaonekana kama uvimbe kwa nje. Nyuma ya ngozi ya begi isugue na msasa kidogo gundi ipate pa kushika. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa kwa kidole haitoki tena, na fungua madirisha kwa sababu ile harufu sio nzuri kwa kichwa wala mapafu. Ingiza kiraka nyuma. Sasa geukia mbele, zile nyuzi zilizosimama zirudishe ndani kwa ncha ya msharasi, tia tone dogo sana la gundi kwa kijiti, sukuma midomo ya mpasuo ikutane, bana. Weka vitabu juu yake usiku kucha.

Asubuhi kona inakuwa nzima ila haina matundu, na matundu ya upande wa pili bado yapo. Kutoka kule yalipo mazima chukua umbali na uuhamishie hapa kwa alama za penseli, kisha toboa kwa msharasi mwembamba pale pale yalipokuwa ya zamani. Tofauti ni kwamba sasa uzi unashika kwenye kiraka cha nyuma, ngozi ya mbele inabeba sura tu.

Kushona

Mshono wa mkono wa mafundi wa matandiko ya farasi ni uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha. Kila tundu linapitwa mara mbili, mara moja kutoka kila upande. Uzi ukikatika mahali, mwingine bado umeshika, na mshono huu cherehani haiwezi kuutoa.

Urefu wa uzi ni mara 4 ya mshono, uongeze na nusu mkono wa kushikia. Mshono wa sentimita 30 unataka kama mita 1.5 hadi 1.6. Ukizidi urefu wa mikono yako ikiwa imetanda, gawa mara mbili, uzi mrefu sana unajisokota na nta yake inaisha njiani. Kama uzi haukuja na nta, upitishe kwenye kipande cha nta mara 3 au 4, kisha upitishe katikati ya vidole ukivuta haraka ili joto liizamishe.

Kuufunga kwenye sindano: pitisha ncha kwenye tundu la sindano, acha mkia wa sentimita 5, huo mkia uchome katikati na ncha ya sindano mara mbili, kisha uvute urudi chini ya sindano mpaka ukaze. Haina fundo, kwa hiyo haikwami.

Weka begi kwenye kibanio, upande wa nje uangalie kulia, matundu yakiwa milimita chache tu juu ya mdomo wa kibanio. Anza tundu la tatu, rudi nyuma mpaka la kwanza, kisha geuka uende mbele, hapo mwanzo unakuwa umejifunga wenyewe. Kwenye kila tundu ni hivi hivi: ingiza sindano ya kushoto, itokee kulia, vuta kama sentimita 10. Chukua sindano ya kulia, ipitishe kwenye tundu lile lile, nyuma ya uzi uliopita. Kabla hujaivuta, simama. Ule uzi wa kwanza uvute kidogo urudi nyuma, ukirudi bila kizuizi sindano yako haijautoboa. Ukigoma umeutoboa, toa sindano ya pili uingize upya. Hiyo robo sekunde ndo tofauti kati ya mshono unaoweza kufumuliwa siku nyingine na mshono ambao ukikosea itabidi uukate wote.

Kisha vuta nyuzi mbili kwa pamoja, mikono yote, nguvu sawa. Sio kwa kukomoa. Uzi unatakiwa ulale kwenye ngozi na kuzama kidogo, ukiona ngozi imejikunja kati ya tundu na tundu umezidisha. Uamuzi wa sindano ipi inatangulia na uzi unakaa nyuma au mbele ya mwenzake ni wako, ila ukishauchagua usiubadilishe mpaka mwisho wa mstari. Mishono inayolala upande mmoja kama mvua ya upepo inatokana na hilo tu, ukichanganya inasimama mingine inalala.

Kwa mtu anayeanza mishono 10 ya kwanza itakuwa mibaya. Kwa hiyo ifanye kwenye mabaki, au anzia sehemu ya begi inayokaa mgongoni. Baadae mikono inazoea yenyewe na unaanza kusikia uzi unapokaa, kuna kamlio kadogo ka nta ikiteleza kwenye tundu, halafu kananyamaza.

Ukifika mwisho rudi nyuma matundu 2 au 3, sindano zote mbili zitokee upande wa ndani, kata uache uzi milimita 2. Polyesta uchome kwa kiberiti cha gesi haraka, ibonyeze kwa kitu cha chuma, sio kidole. Kitani hakiyeyuki, tia tone la gundi. Kisha gonga mshono mzima polepole kwa nyundo, pande zote, matundu yanajifunga kidogo juu ya uzi.

Kubadilisha: mkanda, mfuko wa ndani, zipu

Mabadiliko ambayo watu wanataka zaidi ni kugeuza begi la kushika mkononi liwe la kuvaa kukatisha kifuani. Chukua kamba ya kawaida, jifunge mwilini huku begi likiwa pale unapotaka likae, pima. Mkanda ukate kwenye ngozi ya mgongo wa mnyama, sio ya tumbo, ya tumbo inanyumbuka na mkanda utarefuka kila wiki. Unene milimita 3, au ngozi mbili za 1.5 zilizogundishwa mgongo kwa mgongo na kushonwa pembeni kote. Mashimo ya bizimu yawe ya duara, yaachane sentimita 2.5. Na ule mpasuo wa kupitisha ulimi wa bizimu usiukate kwa kisu peke yake, toboa duara kila mwisho kwanza kisha unganisha, mpasuo wenye ncha kali unaendelea kuchanika wenyewe.

Ncha ya mkanda inapokunjwa kwenye pete ya D, ile ya chuma yenye umbo la herufi D, ichonge mpaka nusu ya unene ili mkunjo usiwe donge. Na ukishona hapo usikatize mkanda kwa mstari ulionyooka wa matundu kutoka ukingo hadi ukingo. Mzigo wote unavuta hapo. Shona pembeni mbili na katikati malizia kwa ncha ya mshale au upinde, matundu yasikae kwenye mstari mmoja.

Pete ya D yenyewe ikae juu ya kishikio cha ngozi kilichoshonwa kwenye ubavu wa begi, na kwa ndani ya ubavu, nyuma ya bitana, weka kiraka kingine cha ngozi kinachozidi kishikio kwa sentimita 1 kila upande. Bila hicho kiraka mkanda mpya mzuri utang'oa ubavu wa zamani. Hapa ndo mahali pa pekee kwenye begi ambapo mimi nakubali kutoboa matundu mapya bila kusita, na bado natafuta kwanza kama matundu ya kishikio cha zamani yanaweza kutumika.

Mfuko wa ndani shonea kwenye bitana, usishonee kwenye ngozi. Nje hakuna tundu hata moja na siku ukiuchoka unautoa.

Zipu kabla hujaibadilisha ichunguze. Kama meno yote yapo lakini inafunguka nyuma ya kile kichwa kinachoteleza, tatizo ni kichwa kimetanuka, kibane pembeni zote mbili kwa koleo taratibu sana, jaribu, bana tena. Nyingi zinapona hapo. Kama meno yametoka kweli, zipu namba 5 inatosha begi dogo, kubwa chukua 8. Ishike kwa selotepu ya pande mbili badala ya pini, acha milimita 6 kutoka kwenye meno mpaka ukingo wa ngozi ili kichwa kisikwaruze, na hakikisha inafunguka na kufunga kabla ya mshono wa kwanza. Kwenye kitambaa cha zipu sindano butu inaweza kugoma, fungua njia kwa msharasi kupitia tundu la ngozi lililopo, kisha pitisha.

Kingo na rangi

Rangi sitakaa sana. Tabaka nyembamba nyingi kwa kitambaa, kila moja ikauke, mwisho sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kisichukue rangi tena, alafu paka kitu cha kuifungia isije ikahamia kwenye shati jeupe la mtu.

Kingo ndo zinaonyesha kazi. Kwa ngozi ya magome sugua msasa namba 220, kisha 400, kisha 600, lowesha ukingo kidogo kwa maji, sugua haraka kwa kipande cha turubai au mbao laini mpaka joto liizibe zile nyuzi na ukingo ung'ae, alafu nta na kusugua tena. Ngozi ya kromu haifanyi hivo hata ukisugua kutwa, yenyewe unaipaka rangi ya kingo tabaka 3 nyembamba, ukipitisha msasa mwembamba kati ya tabaka na tabaka.

Mafuta ya mwisho paka kidogo tu, na sasa unaweza kufika mpaka kwenye mishono kwa sababu gundi imeshamaliza kazi yake. Subiri siku moja. Kisha weka ndani ya begi vitu vizito kidogo kuliko unavyobeba kawaida, vitabu vinafaa, litundike kwa mkanda wake usiku kucha. Asubuhi angalia kwa tochi pale kwenye vishikio na kwenye zile kona ulizotia kiraka. Ukikuta tundu limevutika likawa refu kama yai, kishikio kile kifumue na kiraka cha nyuma ukiongeze ukubwa, usikaze uzi. Yakiwa bado duara, rudisha bitana, shona ule mpasuo wa sentimita 15 kwenye kitako chake, na begi liko tayari.